Picha Hupimwa kwa Shavu

Nakumbuka siku moja ya Julai pale Mafinga, ukungu umelala mpaka saa tano, nami niko studio kwa Mzee Kilasi, fundi picha aliyenifundisha kazi. Nilikuwa nasafisha picha sita za kupeleka kwenye jarida moja la Dar es Salaam. Jarida lilitaka picha za watu wakiwa kazini, nami nilikuwa nimempiga picha baba yangu, mpasua mbao. Alikuja kupigwa amevaa koti lake la kanisani. Nikamwambia alivue, ashike msumeno na vumbi lake vilevile. Akakubali kwa shingo upande, lakini jioni yake kiwanda kizima na nusu ya kwaya walishajua kwamba atatoka kwenye jarida.

Mzee Kilasi aliniambia niziache picha kambani hadi kesho yake. Baridi yetu ina hila, alisema. Karatasi inakauka juu, ndani bado mbichi. Tena picha haipimwi kwa kidole, maana kidole kina sugu. Inapimwa kwa shavu.

Basi, mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa. Siku nne nzima zilikuwa zimebaki kabla jarida halijafunga kupokea picha, ila mimi nilitaka bahasha yangu iwe ya kwanza kufika. Nikazigusa kwa kidole, nikaona kavu. Nikaandika majina nyuma kwa penseli, na hilo nililifanya vizuri, nijisifu kidogo. Nikazipanga moja juu ya nyingine, kadibodi juu na chini, nikafunga kamba na kukaza kwelikweli. Ungeniona nilivyokimbilia posta ungedhani naenda kuolewa.

Bahasha ilirudi baada ya wiki tatu, ndani yake barua fupi: picha zimegandana, na ukurasa umeshajazwa. Nikajaribu kuzibandua. Uso wa baba ukabaki mgongoni mwa picha nyingine. Nililia, sikufichi. Mkanda wa kamera ulikuwepo, ningeweza kusafisha nyingine hata mia, lakini ukurasa ulikuwa umekwenda.

Mzee Kilasi hakunigombeza. Aliichukua ile picha isiyo na uso, akaibana kambani juu ya meza yangu.

"Ikae hapo," alisema. "Sasa imekauka."

Baba alikuwa akipita duka la magazeti kila mwezi kuuliza kama jarida limefika, na akirudi nyumbani mimi kila mara namwambia labda mwezi ujao. Uongo huo niliuona mdogo. Siku moja akaja studio mwenyewe, akainua macho, akaiona. Hapo ndipo nikamweleza yote. Akaisogelea, akautazama mkono ulioshika msumeno.

"Mkono umetoka vizuri, mwanangu," akasema, akarudi kazini.

Hakuuliza tena dukani. Nimekaripiwa na wengi maishani, lakini hakuna karipio lililonichoma kama maneno yale ya upole.

Leo nakaa hapa mtaa wa Soweto, Mbeya, na magoti yamegoma kusimama siku nzima. Nawe umeniletea picha zako za wapasua mbao wa Nyololo, zimetoka kwenye mashine sasa hivi, na bahasha tayari umeishika mkononi. Usiniambie mashine za siku hizi hazijui ukungu. Wino nao hukauka juu kwanza. Ziache zilale, kisha weka karatasi nyembamba kati ya moja na nyingine, na usikaze kamba kama unafunga kuni. Pupa haijawahi kumfikisha mtu mapema. Na ukimharibia mtu anayekungoja, mwambie siku hiyohiyo, kabla hajachoka kuuliza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nimemlea miaka mingi, na bado hajahama nyumbani.

Haya, nenda. Mungu akupe mkono usio na pupa, na wale uliowapiga picha wafungue ukurasa wazikute nyuso zao.