Mche Uliozidi

Mwanangu, kaa nikuhadithie siku niliyojiona nimesoma kuliko hesabu yenyewe. Naikumbuka kana kwamba ni asubuhi ya leo. Ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya kahawa hapa kwetu Kasulu, chini ya Bibi Skolastika.

Bibi huyo aliishia darasa la pili. Mwaka uliotangulia, baada ya kugawa, ilibaki miche mitatu. Wakulima wa mlimani na wa bondeni wakaigombania, hawakusalimiana mpaka mavuno. Bibi akaapa kuwa wakigombana tena, kitalu anakifunga. Basi msimu huo akajaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, elfu mbili mia tano na ishirini, akatukataza kuzidisha wala kupunguza.

Mimi nilikuwa na mche wangu, nimeuotesha kwenye kopo la mafuta. Siku ya kugawa nikauchomeka tutani kimyakimya. Nikasema moyoni, kwani kuongeza ni dhambi? Ee, majuto ni mjukuu!

Vikundi vya wakulima vikaja saba. Nikagawa mia tatu na sitini kila kimoja, ukabaki mmoja. Mara kikaja cha nane. Nikashukuru Mungu, nikapiga upya: mia tatu kumi na tano, ukabaki mmoja. Kikaja cha tisa: mia mbili themanini, na mmoja! Cha kumi nacho hicho: mia mbili hamsini na miwili, na mmoja uleule. Mlimani wakasimama, bondeni wakasimama, kila upande unasema ni wake. Jasho lilinitoka, mwanangu. Niliona kitalu kinafungwa kwa mkono wangu.

"Nani kaongeza?" Bibi akauliza.

"Ni mimi, Bibi. Nisamehe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ala! Namba ile nimeitafuta kwa kupanga viriba wiki nzima. Waje wawili, waje kumi, inawatosha wote sawasawa, hata saba, ambayo ndiyo korofi. Umeongeza kamoja tu, sasa haimkubali yeyote!"

Jioni nilijaribu kwa penseli nikachoka. Kweli, namba yangu haikugawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Bibi alinipa jembe niupande mche ule langoni. "Huu ni wa wote," akasema, "na wa kuumwagilia ni wewe." Mlimani na bondeni wakaangua kicheko pamoja, wakabeba miche yao wakaenda. Mkahawa ule wanauita Baki hadi leo, nami mwenzio ni Mama Baki.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta jambo la watu limepangwa, uliza kwanza lilipangwaje ndipo utie lako. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema mapema, wenzio wangali wanaweza kucheka.

Nenda salama. Mungu akuweke penye mgawo usiobakiza mtu. Na siku ukibaki wewe, akupe wa kukumwagilia maji.