Kivuli cha Gravelia

Mume wangu Kiptum ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema akiwa amechelewa. Nimekaa naye hapa Kimulot tangu nikiwa msichana, namjua. Lakini habari ya sola ilinishinda.

Mjukuu wetu Nelvine alikuwa akikohoa mpaka anajishika mbavu. Mama yake aliolewa kwingine. Baba yake, Weldon wetu, tulimzika upande wa mashariki wa nyumba mwaka wa tisini na tatu. Daktari alisema moshi wa koroboi uishe nyumbani, la sivyo kifua cha mtoto kitaharibika. Basi tukamwita Phelix, fundi wa sola kutoka Silibwet, aje atupangie.

Phelix alizunguka nyumba akitazama mabati.

"Mama, jua lenu ni la asubuhi," akaniambia. "Saa nane mvua imeshafika. Paneli ikae upande huu wa mashariki, na ule mti uondoke. Umefunika paa lote la upande huu."

Ule mti ni gravelia. Kiptum aliupanda mwenyewe, kando ya kaburi la Weldon.

"Weka upande wa barabara," Kiptum akasema.

"Mzee, huko betri haitajaa."

"Nimesema weka."

Ikawekwa. Taa iliwaka ugali ukiwa bado kwenye sufuria, ikazimika hata hatujanawa mikono. Koroboi ikarudi mezani, na kikohozi nacho kikarudi. Ikawa hivyo kila jioni, mpaka nikachoka, nikasema yaliyokuwa moyoni.

"Baba Weldon, mimi ndiye nilimzaa. Wewe ulipanda mti. Tuliyeachiwa naye ni huyu anayekohoa. Kama unataka tumpandie na yeye wake, endelea tu."

Nilijua nimemuumiza, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kusema kweli sikutaka kuyazoa.

Kulipokucha hakwenda kuchuna majani chai. Alichukua panga na msumeno akapanda juu ya ule mti, akaukata kama tunavyokata chai iliyozeeka, ukabaki kisiki usawa wa dirisha. Phelix akarudi, akahamisha paneli.

Kesho yake jioni taa iliwaka mpaka Nelvine akamaliza hesabu zake zote. Nilifurahi, halafu nikaona aibu kufurahi, kwa sababu kiti cha Kiptum kilikuwa kitupu. Nilimkuta jiko la nje na koroboi yake, ameligeuzia dirisha la nyumba mgongo.

"Ingia ndani, Baba Weldon. Kuna taa."

"Hiyo taa inamulika mpaka kaburini kwake," akasema. "Sijazoea kumwona wazi hivyo."

Nikavuta kigoda, nikakaa naye.

Nelvine akaja kututafuta. Hata hajafika mlangoni moshi ulimpata, akaanza kukohoa. Kiptum akaizima koroboi kwa vidole, akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani.