Yadi Mbili za Mama Kulwa

Nilikwenda Geita kwa sababu sikuiamini barua. Mama Kulwa, aliyekuwa akiuza vitenge barazani huku duka lake jipya likimaliziwa, aliniandikia nimkatie kioo cha kaunta: yadi mbili kamili, kikae kati ya nguzo na ukuta. Karakana yetu ya Kambarage ilikuwa na kioo kinene kimoja tu, na Mwanza walishasema kingine hakuna. Tukishatoboa matundu ya skrubu pembeni, hakipunguzwi tena. Nikafungasha futi ya chuma, timazi na uzi, nikavihesabu mara mbili, nikaondoka.

Kahama nilifika saa nne, nikakuta lori la saruji linaloelekea Geita.

"Mbele tumejaa, mzee," dereva akasema.

"Mko wawili. Nimehesabu."

"Unahesabu watu wa wenzio?"

"Ndiyo kazi yangu."

Akacheka, akasogea. Ushirombo tulikula viazi vitamu, na jioni nikashuka Geita nikiwa mweupe kwa vumbi la saruji, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Asubuhi Mama Kulwa alinipokea barazani. "Mwangaluka, fundi! Kioo kiko wapi?"

"Mwangaluka, mama. Kioo kinasubiri nipime."

"Si nilishapima?"

Nikapima chini, katikati, juu. Inchi sabini. Nikarudia. Sabini.

"Barua ilisema sabini na mbili."

"Yadi mbili, gete, kweli kabisa! Nilipima mwenyewe kwa hii." Akanipa fimbo yake ya kupimia vitambaa. Nikailazia futi: inchi thelathini na tano. Yadi imepungukiwa inchi nzima.

Akaishika ncha. "Tulipohama Ushirombo haikuingia sandukuni. Nikaikata kidogo tu."

"Sanduku likafunga?"

"Likafunga vizuri sana."

Nyuma yetu alikuwa amesimama mchimbaji mmoja, kitenge kipya kwapani. "Mama Kulwa, hiyo ndiyo uliyonipimia sasa hivi?"

Hapo nikaacha kutabasamu. Kwa wachimbaji habari hufika machimboni kabla ya chai, na duka lilikuwa halijafunguliwa hata mlango.

Mama Kulwa akaivunja fimbo gotini. "Lete, baba, nikukatie upya. Na wenzio waambie warudi, kila mmoja na chake."

"Mke wangu ameshashona cha Pasaka," mchimbaji akasema.

"Basi aje mwenyewe, nitamfidia kitambaa."

Akanigeukia. "Fundi, nichongee yadi hapa kwenye ubao wa kaunta. Kila mtu aione."

Nikachonga alama mbili kwa patasi, nikapima, nikapima tena. Kabla sijaondoka alinikatia kitenge cha mke wangu juu ya alama hizo.

Kambarage tulikata kioo inchi sabini kasoro robo. Wiki mbili baadaye nilikipeleka, kikaingia bila kusukumwa, na barazani kulikuwa na foleni.

Tangu safari ile, mteja akinitajia urefu, namwomba kwanza anionyeshe alichopimia.

Na kile kitenge? Nyumbani nilikipima mara mbili, mke wangu akinicheka. Kilizidi inchi moja.