Mtumbwi wa Magunia Matatu

Wazo la kukodi mtumbwi halikutoka kwangu. Lilitoka kwa msichana niliyempelekea posa. Alimwambia dada yangu, na dada akaniletea habari jikoni nikiwa nakula.

Barua ya posa ilikuwa imefika kwao Kilangala kabla ufuta haujavunwa. Wazee wake walisema wao hawana neno, msichana ndiye aseme. Naye akasema hawezi kujibu kwa sababu mtu mwenyewe hajamsikia. Ilikuwa kweli. Nafanya kazi ya kushona midomo ya magunia kwenye ghala la ushirika. Alikuja pale mara mbili kuleta ufuta wa baba yake, na mara zote mbili niliinama kwenye sindano mpaka akaondoka. Alipokuja nyumbani kumtembelea dada, nilimsalimia, nikasema naenda kuangalia baiskeli. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, haina tatizo lolote. Kwenye simu nako sikuwa na nafuu. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Nikianza kumwandikia ujumbe wakati maharage yanabandikwa, maharage ndiyo yanayotangulia kuiva.

"Anasema akikukuta nyumbani unaaga," dada aliniambia. "Akikukuta ghalani unashona. Anataka mkae mahali ambapo huwezi kuaga. Anataka mtumbwi."

Nilimwuliza mtumbwi wa kwenda wapi. Akasema popote, ushuke na mto, uzunguke ziwani, urudi. Shangazi yake msichana atakuwemo, na yeye dada atakuwemo, ili watu wasipate la kusema. Baada ya hapo barua itajibiwa, iwe ndiyo au siyo. Mipango yote ilikuwa yangu, kwa sababu msichana alisema hivyo: apange mwenyewe.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukodi mtumbwi. Kupanda tumepanda, lakini kwa kuvushwa. Una shamba ng'ambo au kuna msiba, unakaa juu ya mzigo wa mtu, unashuka, basi. Kuuchukua mtumbwi mzima asubuhi nzima, bila mzigo na bila haraka, sikujua jambo hilo linaanzia wapi.

Mwenye mtumbwi nilimjua kwa sura. Ni mzee mwembamba anayeufunga mtumbwi wake mtoni, kwa sababu kandokando ya ziwa kumejaa matete na tope. Kutoka hapo unateremka na mto, unapinda mara mbili tatu, kisha kingo zinaachana na ziwa liko mbele yako. Wakati wa mavuno mzee huyo huvusha magunia. Siku nyingine huvua perege.

Siku ya kwanza nilifika, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka perege. Akanipa fungu. Siku ya pili nilifanya mazoezi njia nzima juu ya baiskeli, lakini nilipofika nilikuta amekaa na watu wawili, nikanunua perege tena. Mama alishukuru. Dada hakushukuru.

"Wewe unakodi mtumbwi au unafungua bucha ya samaki?" alisema.

Siku ya tatu nilikwenda alfajiri, kabla mzee hajavua kitu, makusudi, ili nikose cha kununua. Nilimkuta ndani ya mtumbwi anachota maji kwa kopo. Nikamwambia nataka kuukodi Jumamosi.

"Mzigo gani?"

"Watu."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Wazima."

Akauliza kama kuna msiba. Nikasema hakuna. Nikasema wanakwenda kutembea tu.

Aliacha kuchota. "Kutembea majini," alisema. "Mimi kanisani sikosi, mjukuu wangu, na habari za aliyetembea majini nimezisikia. Alikuwa mmoja."

Alicheka peke yake kwa muda mrefu, nami nikasubiri nikitazama kopo. Alipomaliza alianza kuuliza kama mtu wa kazi. Jumamosi aliikubali, kwa sababu Jumapili yuko kanisani na siku ya gulio ana mizigo ya watu. Alisema tufike saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa umekwisha. Viboko wako upande wa matete marefu, anajua wanapolala, tutapita mbali nao. Na lazima turudi kabla ya saa sita, kwa maana mchana upepo unaamka na ziwa linakuwa na ubishi. Bei tulikubaliana bila kuvutana. Nilikuwa nimeshashika usukani wa baiskeli aliponiita.

"Huu unabeba magunia matatu ya korosho, na mimi mwenyewe. Gunia la nne linaingiza maji. Sasa watu wako ni magunia mangapi, hilo unalijua wewe mtu wa ghalani."

Nadhani alitania. Mimi nililichukua kama lilivyo. Nimebeba na kushona magunia kwa misimu mitatu, na uzito nauona kwa macho. Karani wa mzani huniuliza kwanza mimi, ndipo anapandisha gunia, na mara nyingi tunakaribiana. Gunia la korosho ni kilo themanini. Jioni ile nilikaa uani na kipande cha karatasi, nikawaandika watu mmoja mmoja. Dada, robo tatu ya gunia. Mimi, robo tatu. Shangazi yake msichana nilishamwona harusini, gunia pungufu kidogo. Msichana mwenyewe, nusu gunia na ziada. Jumla ilifika magunia matatu barabara.

Kwa hiyo kila kitu kingine kilipaswa kuwa chepesi. Dada alitaka kupika wali wa nazi, tuubebe na sufuria lake, na chupa mbili za chai, na mkeka. Nilimwambia sufuria peke yake ni kilo nne.

"Umeanza kuongea," alisema, "lakini unaongea kwa kilo."

Tulikubaliana kikapu kimoja, mihogo ya kuchemsha na vitumbua, na chai kidogo. Ghalani niliomba madumu manne matupu, nikayafunga kamba, ili mtu asiyejua kuogelea awe na cha kukumbatia. Ijumaa baada ya kazi nilikwenda mtoni na panga, nikakata nyasi, nikazitandaza juu ya tope pale pa kupandia ili wanawake wasichafue miguu. Nilirudi nikiwa nimeridhika. Kila kitu kilikuwa na nafasi yake.

Dada aliniuliza, "Na utamwambia nini?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilikaa nikalifikiria mpaka usingizi ukanichukua, na asubuhi bado sikuwa na hata neno moja.

Jumamosi tulitangulia mimi na dada. Ilikuwa asubuhi nzuri, maji yamenyooka, ndege weupe wamesimama kwenye kingo. Mzee alikuwa ameshasafisha mtumbwi na kuweka vipande vya mbao vya kukalia. Kabla ya saa mbili tukawaona wanakuja kwa njia ya mashamba. Nilitegemea watu wawili. Walikuwa watatu.

Wa tatu alikuwa shoga wa shangazi, jirani yao, mama mkubwa wa mwili, amevaa kanga mpya. Shangazi alieleza kwamba shoga yake aliposikia habari za mtumbwi alisema naye hajawahi kutembea ziwani, na asingeweza kumwacha. Tukasalimiana. Msichana alinisalimia pia, nikaitikia, halafu nikajishughulisha na kamba ya madumu.

Wakaingia mmoja mmoja, mzee akiwapa mkono. Shangazi, kisha shoga yake, kisha msichana, kisha dada. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye nyasi. Nilitazama ukingo wa mtumbwi, ulikuwa umeshuka, kiganja kimoja tu juu ya maji. Mzee naye aliutazama.

"Mmoja ashuke," alisema. Hakusema nani. Alianza kufuta kafi yake kwa kitambaa, kazi ambayo kafi haikuihitaji.

Kisha shangazi akasema kwa upole kabisa, "Kijana atatungoja hapahapa. Yeye mwanaume, ziwa ataliona siku yoyote."

Sitasema uongo, nusu ya moyo wangu ilifurahi. Nilijiona nimekaa chini ya mti na kikapu, siulizwi kitu. Kilichonizuia si ushujaa. Msichana alikuwa ameangalia pembeni, kwenye maji, kama mtu aliyeshapata jibu lake. Na pia hesabu ilikuwa mbaya.

"Shangazi," nilisema, "hata nikibaki mimi umezidi nusu gunia."

Wote waligeuka. "Umejuaje?" shangazi aliuliza.

"Nimewapima."

"Umetupima na nini?"

"Kwa macho."

Shoga yake ndiye aliyejiinua kidogo pale alipokaa, mtumbwi ukayumba. "Na mimi umenipima?"

Hapo mtu mwingine angetafuta neno. Mimi nilikuwa na jibu moja tu kichwani, likatoka. "Gunia na robo, mama," nilisema. Halafu nikaona nimekosa adabu, nikaongeza, "Shikamoo."

Dada alijifunika uso kwa ushungi. Mzee aliacha kufuta kafi. Nilitamani mto unichukue.

"Marahaba," yule mama alisema. Alinitazama juu mpaka chini. "Afadhali wewe. Mzee wangu nyumbani huniambia mawili."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, na alipocheka yeye wengine wakafuata. Nilimwambia yule mama kwamba mtumbwi ukizidiwa uzito, maji huingia pale ziwa linapoanza, na hapo ni mbali na kingo, na ndani yake kuna watu wasiojua kuogelea. Nilimwomba awe wa zamu ya pili, tukirudi mzee awazungushe yeye na shangazi peke yao kabla upepo haujaamka. Sijui maneno mengi hivyo yalikuwa yamekaa wapi. Mzee akasema zamu ya pili anaikubali, bei ileile. Yule mama akampa mkono mzee, akashuka kwenye nyasi.

"Lakini kikapu kibaki huku," alisema. "Gunia na robo halikai na njaa."

Nikaingia. Ukingo wa mtumbwi ukasimama juu ya maji pale ulipopaswa kusimama, mzee akasukuma.

Shangazi alikuwa amekumbatia dumu lake. Msichana alikaa mbele yangu, mgongo kwangu. Tulipopinda mara ya kwanza aliuliza bila kugeuka.

"Na mimi ni ngapi?"

"Nusu gunia na kilo kumi na mbili."

"Hizo kumi na mbili umezitoa wapi?"

Nikamwambia kwamba siku ya pili alipokuja ghalani alikanyaga mzani kumfuata karani, na mshale ulisimama hapo.

"Kumbe uliinua kichwa," alisema.

"Kidogo."

Shangazi alikuwa anatazama matete kwa bidii. Tukapinda tena, na kingo zikaachana. Ziwa lilikuwa tulivu, limejaa mawingu, na upande wa mbali paliruka mvuke mdogo pale viboko walipokuwa wakipumua. Mzee aliugeuza mtumbwi upande wa pili kama alivyoahidi. Msichana aligeuka akakaa akinielekea, mtumbwi ukacheza, shangazi akavuta pumzi, ukatulia.

Aliniuliza habari za ghalani, nikamweleza. Aliniuliza kama kushona magunia kunachosha, nikasema kunachosha vidole. Kisha akaniuliza kwa nini nilipeleka posa kwao na siyo kwingine.

Nilimwambia siku ya kwanza alipokuja, uzi ulinichomoka kwenye tundu la sindano, na kwa kuwa alikuwa amesimama pale nikashindwa kuurudisha. Yeye aliichukua sindano, akautia uzi, akaiweka juu ya gunia, akaendelea kuongea na karani kana kwamba hajafanya kitu. "Mwingine angecheka," nilimwambia. "Angewaita na wenzake."

"Nilidhani huoni vizuri," alisema.

Dada alicheka mpaka mzee akamwambia atulie. Mimi pia nilicheka. Tulizunguka sehemu ya ziwa ambayo mzee aliona inatutosha, tukachota maji kidogo yaliyoingia, na tukaongea mambo ambayo sasa siyakumbuki yote, ya mashamba yao, ya mdogo wake anayesoma Lindi mjini. Mara nyingine nilinyamaza. Hakuonekana kukasirika nilipofanya hivyo.

Tulipoanza kupandisha mto kurudi, alisema, "Barua itajibiwa Alhamisi. Lakini uje mwenyewe na mshenga wako. Baba naye hajakusikia."

Si kawaida ya kwetu mwenye posa kwenda mwenyewe kusikiliza majibu. Shangazi alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nitakuja," nilisema.

Alhamisi nilikwenda. Mshenga aliongea kama kazi yake inavyotaka, wazee wakaitikia, halafu baba yake akanigeukia akauliza kama nami nina neno. Nilikuwa nalo. Nilimwambia habari za sindano tangu mwanzo, polepole, na hakuna aliyenikatiza mpaka nikamaliza. Ndipo akamwita binti yake aijibu barua, naye akasema ndiyo.