Samaki Asiyekuwepo Ziwani

Daftari langu safi lilikuwa na samaki ishirini na sita, na kila mmoja nilimchora mara tatu au nne kabla ya kumkubali. Sijisifu, ni ugonjwa. Kalamu ikiteleza kwenye pezi la mwisho, nachana ukurasa na kuanza upya kwenye jicho. Mama ameizoea sauti ya karatasi ikichanika. Akiisikia akiwa uani kwetu Buzebazeba, husema bila hata kugeuka kwamba samaki mwingine amekufa.

Mambo haya sikuyasomea. Niliishia kidato cha nne, na katika matokeo yangu hakuna somo lililoniaibisha kama biolojia. Kitabu kilichonifundisha hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Jirani aliyekuwa akihama alikiacha barazani. Humo nilikuta ngazi za kuainisha viumbe: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, nikazikariri kwa mpangilio hadi nikawa nazisema nikiosha vyombo. Zilinituliza. Mtu kama mimi, anayerudi mara tatu kuhakikisha amefunga mlango, akiambiwa kwamba kila kilicho hai kina mahali pake, hupumua kidogo.

Samaki wa kula sikuwataka. Dagaa, migebuka na kuhe, kila mtoto wa hapa anawajua. Niliwataka wale wadogo wa kwenye mawe, wanaokwangua mwani kwenye miamba na ambao hakuna anayewapeleka sokoni. Aliyeniletea ni mzamiaji mmoja wa Bangwe, wa umri wa kaka yangu mkubwa. Zamani alikamata samaki wa mapambo, na siku hizi huzamia kunasua nyavu za watu zilizokwama kwenye miamba. Wiki hii yuko Bangwe, wiki ijayo wamemchukua kusini huko, safari ya nusu siku kwa boti. Popote alipokuwa aliniwekea samaki mmoja au wawili kwenye ndoo, nami nilikaa juu ya jiwe nikimchora upesi kabla rangi haijafifia. Aliniita mwalimu, kwa kunitania.

Kila nilichochora kiliingia kwanza kwenye madaftari machafu. Yalikuwa matatu, yamelowa, yana wino wa rangi tofauti na maneno yaliyokatwa. Pembeni ya kila mchoro niliandika alichoniambia: ametolewa wapi, kina cha pima ngapi, alikuwa peke yake au kundini.

Kisha tukasikia kwamba watafiti wa samaki wa miamba wanatafuta mtu wa hapahapa wa kuwatunzia kumbukumbu. Cheti si lazima, ila mwombaji aje na kazi aliyoifanya mwenyewe, Ijumaa, kabla ya sala. Niliitaka nafasi hiyo kwa namna iliyonitisha. Nina miaka ishirini na tatu, na hakuna kitu kingine ninachokijua.

Ndipo nilipoanza daftari safi. Nikinakili, niliona samaki wangu wa aina moja hawafanani. Yule mweusi mwenye mkanda wa manjano, kwenye ukurasa mmoja mkanda ni mwembamba kama uzi, kwenye mwingine ni mpana kama kidole. Nikaona haya. Niliamini mkono wangu ndio uliokosea. Basi nikachukua kichwa kilichotoka vizuri, mkanda uliotoka vizuri na mkia uliotoka vizuri, nikavikusanya katika samaki mmoja aliyenyooka. Majina ya mahali niliyaacha, kwa sababu yalichafua ukurasa. Nilipomaliza, madaftari machafu nilimpelekea shangazi anayeuza dagaa Ujiji, akafungie wateja. Nakumbuka nilivyojisikia mwepesi nikiyatoa mkononi.

Jumatano nilikwenda Bangwe kumwonyesha mzamiaji. Nakiri nilikwenda kusifiwa. Alijifuta mikono kwenye kaptula, akafunua polepole, kurasa nne, tano. Alipofika kwa yule mweusi akasimama.

“Mwalimu, huyu nilikupa mimi?”

Nikasema ndiyo, nani mwingine.

“Kichwa ni cha hapa Bangwe. Mkanda ni wa kule kusini. Mkia sijui wa nani.” Akanirudishia daftari. “Huyu hujamchora. Umemzaa.”

Alicheka, na aliyekuwa akishona wavu jirani akacheka pia. Mimi sikuweza. Nilimwuliza kama kweli wanatofautiana hivyo, au ni macho tu. Akanieleza kana kwamba ni jambo ninalolijua: samaki wa mawe havuki mchanga. Kukiwa na ghuba ya mchanga kati ya miamba miwili, wa huku na wa kule hawaonani maisha yao yote, kwa hiyo kila upande umevaa nguo yake. Alidhani ndiyo maana nilikuwa namwuliza kila mara amewatoa wapi.

Nilikuwa namwuliza kwa sababu napenda kujaza nafasi tupu za ukurasa.

Alhamisi asubuhi niliwahi sokoni Ujiji. Shangazi alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake. Ana desturi moja isiyobadilika: dagaa wa mtumbwi huu hawachanganyi na wa mtumbwi ule, hata wafanane vipi, na mteja akiuliza anamwambia kila fungu limetoka kwa nani na limeanikwa wapi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuyasawazisha mafungu yake ili yapendeze, akaniondoa mezani wiki nzima. Nilimwamkia, nikamwuliza kuhusu madaftari. Akanitazama.

“Si ulisema ni takataka?”

Nikamwambia nilikosea, nayahitaji. Alivuta mfuko chini ya meza. Daftari la kwanza lilikuwa limekwisha lote. La pili lilibaki nusu, la tatu karibu zima. Mama mmoja wa Kirundi, mteja wake wa kila siku, alikuwa akiondoka na fungu lake. Shangazi akamwita arudi, akamwaga dagaa wake kwenye gazeti na kunipa karatasi yao. Ilikuwa na mafuta na magamba. Nyuma ya magamba nilisoma mwandiko wangu: Bangwe, pima mbili, wako wawili, mkanda mwembamba.

“Ukiona kitu kinakuchafua,” shangazi alisema, akirudi kwenye mizani yake, “uliza kwanza kabla hujakitupa.”

Mchana huo wote nilikaa chini nikilinganisha. Samaki niliyeweza kumthibitisha, mahali pake na karatasi yake, niliandika mahali hapo chini ya mchoro safi. Wengine niliwaandikia kwa kalamu, katikati ya ukurasa: samaki huyu hayupo. Mara ya kwanza mkono uligoma. Nilikwenda nikanywa maji, nikarudi, nikaenda tena. Kufikia mara ya kumi na saba niliandika bila kutazama.

Ijumaa nilikuwa wa tatu kuingia. Mtafiti alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya kichwa. Niliweka daftari safi mezani na karatasi za dagaa kando yake, na chumba kikanuka papo hapo. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza yote, bila kupumzika: mkanda, mkia, kufungia dagaa. Nilisema mengi kuliko yaliyohitajika. Ndivyo nilivyo nikiogopa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza wa kuaminika ni wangapi.

“Tisa.”

Akashusha miwani, akavuta karatasi zenye mafuta upande wake.

“Haya. Nionyeshe hao tisa.”

Wamenipa mwezi mmoja wa majaribio. Leo ni siku ya sita. Asubuhi mzamiaji aliposogeza ndoo, nilimwuliza samaki ametolewa wapi kabla ya kutazama ndani, naye akasema mwalimu ameanza kuwa mwanafunzi. Nikaandika mahali kwanza. Kisha nikachora, na tumbo lake likanitoka nene mno. Nilishika kona ya ukurasa, tayari kuuchana. Nikaandika pembeni kwamba tumbo si nene hivi, nikaendelea na mkia. Mpaka sasa, saa nane mchana, bado tumbo lile linanisumbua.