Spika ya Birika

Enzi zake walimwita Dada Spika, siku hizi wanamwita Bibi Spika, na jina halisi analijua yeye na daftari la kliniki. Miaka arobaini na minne amekaa kwenye kibanda kilekile alichoachiwa na baba yake, akitengeneza spika zilizopasuka, zilizoungua na zilizomwagiwa chai. Mkono wake mwepesi, ulimi wake mzito kusifia. Ukimpelekea spika isiyotengenezeka atakwambia papo hapo, kaitupe. Hajawahi kumrudishia mtu spika mbovu akasema imepona, na wateja wengine wamemnunia kwa hilo, lakini wamerudi haohao.

Jumanne moja akaingia mtangazaji wa redio, msichana mchangamfu, kakumbatia santuri utadhani kabeba mtoto mchanga. Bibi Spika alipoliona jalada, bisibisi ikamtoka mkononi.

Ilikuwa Birika. Albamu yenyewe ilikuwa na jina lake refu la kujitutumua, lakini hakuna aliyelitumia. Jaladani palikuwa na picha ya birika jeusi la jikoni kwa kina Bibi Spika, maana siku ya mpiga picha vijana wote wanne wa bendi walikuwa hawana shati safi, na mama yake Bibi Spika akasema pigeni picha hata birika basi, lenyewe limeoshwa.

"Jumamosi saa kumi alasiri naipiga yote, mwanzo hadi mwisho," mtangazaji akasema. "Bibi, wewe hujui tu. Kila kijana anayepiga roki hapa mjini ameanzia kwenye hii santuri. Wana kompyuta, wana vifaa vya kila aina, wanahangaika kuipata ile sauti ya gitaa. Ile inayokoroma. Hawaipati."

"Hawawezi kuipata."

"Kwa nini?"

"Spika ilikuwa imepasuka," Bibi Spika akasema, akainama kuitafuta bisibisi chini ya meza. Akakawia huko chini kuliko ilivyohitajika.

Na hii ndiyo habari yenyewe. Mpiga gitaa wa bendi ile alikuwa kaka yake, mkubwa wake kwa miaka mitatu, kijana mwenye vidole virefu na maringo ya kutosha ukoo mzima. Siku ya kurekodi walikuwa wamelipia studio siku moja tu, na wakati wa kupakia vyombo kwenye gari mguu wa kigoda ukaingia ndani ya spika ya gitaa. Ukachana karatasi yake urefu wa kidole. Mwenye studio akasema hii haifai, rudini nyumbani. Kaka mtu akabonyeza swichi, akapiga uzi mmoja. Kilichotoka hakikuwa sauti ya gitaa. Kilikuwa mkoromo mnene, wenye hasira, unaotetemesha vikombe mezani. Wakatazamana wote wanne.

"Acha hivyohivyo," kaka akasema. Wakarekodi hivyohivyo.

Watu wazima wa mtaani walisema hayo ni makelele ya lori linalopanda mlima. Vijana nao wakainunua wakaimaliza. Kwenye kila kona ungesikia mkoromo ule, na yule dada mtu, mwenye miaka kumi na tisa wakati huo, alikuwa akitembea kichwa juu kana kwamba gitaa kapiga yeye.

Miezi sita baadaye bendi ikaitwa kurekodi albamu ya pili. Kaka akasafiri siku tatu kumfuata mpiga ngoma. Spika ikabaki nyumbani, na mchano wake uleule. Sasa jiweke wewe mahali pa yule binti. Ndiyo kwanza ametoka kufundishwa na baba yake kuziba karatasi ya spika: unachana karatasi nyepesi vipande vidogo, unapaka gundi, unabandika safu juu ya safu, unakausha kivulini, haraka mwiko. Anaona kitu kibovu cha mtu anayempenda kuliko wote. Mtu wa kazi nyingine angekiacha. Fundi hawezi. Akakifanya kwa siku tatu, kwa moyo wake wote, na akaziba vizuri hivi kwamba baba mtu alipitisha kidole akashindwa kujua mchano ulikuwa wapi. Hakumwambia kaka. Alitaka aone mwenyewe akifika studio, afurahi.

Kaka alifika studio, akabonyeza swichi, gitaa likatoka safi kama maji ya mvua.

Wakanunua spika nyingine wakaichana kwa wembe. Ikalia kama bati. Wakachana ya pili, ya tatu. Wapi. Mwenye studio akauliza ile sauti mliyotuuzia iko wapi, bendi ikaanza kulaumiana, na kabla mwaka haujaisha hapakuwa na bendi. Kaka alirudi nyumbani mara moja tu kuchukua nguo zake. Akamkuta mdogo wake mlangoni. Akamwambia maneno mawili.

"Nani alikutuma?"

Basi. Kuanzia hapo wakawa watu wa kukutana misibani. Kaka alipiga gitaa kwenye kumbi, karibu kabisa na maspika makubwa, miaka na miaka, kisha akaajiriwa kiwanda cha mbao. Dada akabaki kibandani. Ile spika akaiweka rafu ya juu kabisa, na kila akipangusa vumbi anaipita kwa mbali.

Alijaribu mara moja. Siku ya kumzika mama yao, miaka tisa iliyopita, alisogea akasimama ubavuni kwa kaka yake, akapiga moyo konde, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nisamehe kwa ile spika." Kaka alimtupia jicho la pembeni, hakugeuka. Aliangalia mbele, kisha akaenda kushika sepetu. Bibi Spika aliondoka pale akiwa amezika watu wawili, na hajamwambia mtu.

"Nimemtafuta kaka yako kwa simu," mtangazaji alikuwa akisema. "Anapokea mkewe. Anasema mzee haongei na simu."

"Hata na mimi haongei," Bibi Spika akasema. "Na mimi si simu."

Mtangazaji akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Alipoondoka, Bibi Spika alipanda kwenye kigoda, akaiteremsha spika. Alikuwa ameshakata shauri. Amebakiwa na kaka mmoja, mwenye miaka sitini na mitano, na Jumamosi saa kumi Birika itapigwa. Ataifungua ile kazi yake, arudishe mchano kama ulivyokuwa, ampelekee spika yake. Akimfungulia mlango, amefungua. Akimfungia, basi walau deni la moyo litakuwa limetua mlangoni kwake.

Kubandua ni kazi ya kichaa kuliko kubandika. Siku nne alikaa na pamba na dawa ya kulainisha gundi, akitoa kipande kwa kipande kwa kibano, pumzi kaibana. Wateja aliwafukuza. Alikuwa akikutana na mikono yake mwenyewe ya usichana: hapa gundi ilizidi, hapa alikunja pembe vizuri mno, hapa pana unywele wake mweusi umenasa. Akautazama ule unywele, akagusa mvi zake, akasema, "Uliona raha, wewe." Ijumaa mchana mchano ukatokea, urefu wa kidole, mahali palepale.

Akaunganisha waya, akaweka muziki wa gitaa. Spika ikakohoa. Akaongeza sauti. Ikakohoa zaidi, kama mzee mwenye kifua. Gundi ilikwishaingia ndani ya karatasi zamani, ikaikausha, na hakuna dawa ya kuitoa humo. Ule mkoromo haukuwepo. Aliumaliza mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, na fundi aliyemaliza kitu kwa ustadi ule hawezi kukirudisha hata akiwa yeye mwenyewe.

Akakaa. Akalia kidogo, akajifuta kwa kanga ya kufutia mikono yenye grisi, akajichafua uso. Kesho yake alikodi teksi, akabeba spika, redio na kifurushi cha waya, akaenda kwa kaka yake hivyohivyo, kwa sababu spika nyingine ya kumpelekea hakuwa nayo.

Aliyefungua mlango alikuwa wifi yake, kashika kisu na kitunguu. Aliona spika, aliona redio na kile kifurushi cha waya, akaelewa nusu.

"Karibu, wifi. Yupo dirishani. Ila ukiongea naye simama mbele yake akuone mdomo. Hasikii."

"Hasikii vipi?"

"Hasikii. Kwisha kabisa. Yale maspika, kisha misumeno ya kiwandani." Wifi akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa na maana tena ndani ya nyumba ile. "Alinikataza nisiseme. Mpiga gitaa kiziwi, watu watacheka. Siku tunamzika mama alikuwa hasikii hata sepetu."

Bibi Spika akashika kizingiti. Miaka tisa ikampita kichwani, idadi yake ya sikukuu, ya magonjwa, ya siku alizonyanyua simu akaiweka chini. Akavua viatu akaingia.

Kaka yake alikuwa amekonda, vidole vyake virefu vimelala magotini. Alipomwona hakusema karibu. Aliitazama ile spika mikononi mwake, muda mrefu, kisha akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasemavyo wasioisikia sauti yao:

"Ulisema kitu makaburini. Nilikuona mdomo. Ulisema nini?"

Akapiga magoti mbele yake. "Nilisema nisamehe, kaka. Kwa ile spika."

"Sema polepole."

"Ni-sa-me-he."

Alikaa akiutazama mdomo wake hata baada ya mdomo kufungwa. Kisha uso ukamkunjamana, akageuka pembeni.

"Mimi nilijua nilichokutamkia siku ile mlangoni," akasema. "Nilipokuona unaongea nikasema leo nalipwa yale maneno. Nikaona aibu kukuuliza. Nikaona aibu kusema sisikii. Nikaenda kuchimba." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Kumbe ulikuwa unaniomba mimi msamaha, mdogo wangu. Mimi ndiye wa kukuomba."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kitunguu chake, machozi yakimtiririka, na kitunguu kikabeba lawama.

Saa ya ukutani ikakaribia kumi. Bibi Spika akaunganisha redio na ile spika. Akaiweka spika mapajani mwa kaka yake, uso juu. Mtangazaji akaongea weee, mara vijana wa leo wamejifunza hapa, mara hakuna bendi isiyodaiwa na Birika, mara siri ya gitaa lile anayo mtu mmoja tu, na hapendi mahojiano. Wifi akatoa kicheko kifupi chenye kilio ndani. Kisha wimbo wa kwanza ukaanza.

Kaka aliweka kiganja juu ya karatasi ya spika, taratibu, kidole cha kati kwenye mchano. Akafumba macho. Karatasi ikaanza kutetemeka chini ya mkono wake, na uso wake wote ukafunguka. Bibi Spika alikuwa hajauona uso huo tangu siku zile Birika ilipotoka.

Masikioni mwake yeye, spika ilikuwa inakohoa tu. Ilikwaruza, ikayafunika yale magitaa ya redioni hadi wimbo wenyewe haukutambulika. Ingekuwa ya mteja angesema kaitupe.

"Ndiyo yenyewe?" kaka akauliza, macho ameyafumbua, yakimtazama mdomo. "Inakoroma? Ni ileile?"

Miaka arobaini na minne ya kazi. Hajawahi.

"Ndiyo yenyewe," akasema polepole, aone vizuri. "Ileile."

Kaka akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akigeuza uso kuelekea dirishani ili wanawake wasimwone. Kiganja hakukitoa.

"Safari hii usiizibe," akasema.

"Siizibi, kaka," akamjibu. Akarudia tena, na tena, wakati wimbo wa pili ukianza, na kaka yake ametazama nje, hamwoni mdomo.