Aliyeniomba Hewa Chini ya Vizimba

Kabla sijaanza, wale wenye tabia ya kusema "ulikuwa unaota" naomba wanyamaze kwanza. Sikuwa nimelala. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, nimekunywa uji wangu nikashiba, na niliyekuwa naye ziwani yupo Mwanza hadi leo na akili zake timamu. Ninachosema kilinipata mimi mwenyewe. Na hasira niliyonayo haijapungua hata kidogo. Marehemu simkasirikii. Nawakasirikia walio hai.

Kazi yangu ni kuzamia. Ndiyo, mimi ni mwanamke, na ndiyo, ni Mhaya; mshangao wenu nimeshauzoea. Wafugaji wanaoweka vizimba vya samaki ziwani huniita nishuke nikague nyavu, nishone palipotoboka, nitoe samaki waliokufa. Mafunzo niliyapata Tanga, na niliporudi Mwanza nikaanza kazi kwa vifaa vya kuazima. Jamani, vifaa vya kuazima! Jaketi la kuelea la mwanaume mnene, likijaa upepo linanipanda hadi masikioni. Miwani inavuja. Mapezi yananichubua visigino. Nikaapa nitanunua vyangu, seti nzima, vya kunikaa mimi.

Nilianza vizuri. Miwani nilinunua mpya, na niliichagua kama nilivyofundishwa: unaiweka usoni bila kufunga mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, unaachia mikono. Ikidondoka, siyo yako. Nilijaribu kadhaa mpaka nikapata iliyoning'ang'ania kama tumezaliwa pamoja. Mapezi nilivaa na soksi zake za mpira, nikawa natembea nayo dukani kama bata huku watu wakinicheka. Wacheke. Miguu ni yangu.

Vilivyobaki ndivyo vinavyobeba uhai wa mzamiaji: mtungi, jaketi la kuelea, na ile mipira ya hewa yenye kipumulio cha mdomoni na geji ya kuonyesha hewa iliyobaki. Hivyo vikiwa vipya bei yake haisemeki. Nikaelekezwa duka moja Mabatini linalouza vipuri vya injini za boti. Mwenye duka, mzee mmoja, simtaji jina, na msidhani ni heshima.

Seti ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yake, katikati ya mapanga ya injini na maboya. Safi, imepanguswa, inang'aa. Nikamuuliza ilikuwa ya nani.

"Ya mzamiaji mmoja, dada. Ameitumia kidogo sana. Mwenyewe aliacha kazi."

Mwenyewe aliacha kazi! Yakumbukeni maneno hayo, maana yule mzee aliyatamka bila hata kupepesa jicho.

Nikaikagua yote. Jaketi lilinikaa mabegani bila kuvutwa vutwa. Nilipuliza, nikasubiri, halikupoteza upepo. Nilivuta hewa kwenye kipumulio changu, nikavuta kwenye kile cha akiba, cha njano, ambacho mzamiaji hukibeba ili mwenzake akiishiwa ampe. Vyote laini. Geji ilikuwa kwenye sifuri, na mtungi ulipofunguliwa mshale ukapanda mpaka mwisho. Sasa niambieni, nilikosea wapi? Nilifanya kila anachopaswa kufanya mnunuzi. Nililipa, nikaondoka nimekumbatia seti yangu kama mtoto mchanga.

Kazi ya kwanza kuvitumia ilikuwa vizimbani, ghuba moja upande wa Kigongo. Kwenye boti tulikuwa wawili: mimi na Magesa, Mjita wa kule Mara, ambaye kazi yake ni kukaa juu, kushika boti na kufuata mapovu yangu. Magesa si mtu wa maneno mengi wala si mtu wa ulevi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mtakavyouliza.

Nikashuka. Mnaoijua Viktoria mnajua maji yake: ya kijani, mazito, ukinyoosha mkono vidole vyako unavitafuta. Chini ya kizimba wavu ulikuwa umechanika vibaya, na maji yalikuwa yanausukuma, kwa hiyo nilishona kwa nguvu na kupumua sana. Kila baada ya muda nikaitazama geji. Nusu. Nikashona tena, nikaitazama. Nusu. Nikafurahi kabisa, nikasema moyoni, vifaa vyangu havili hewa.

Nikaguswa bega.

Nilidhani ni wavu. Nikausukuma kwa kiwiko, nikaguswa tena. Nikageuka. Alikuwa mtu, uso wake karibu na wangu kiasi kwamba niliona nyusi zake.

Hakuwa na miwani. Hakuwa na mtungi, wala suti ya kuzamia, wala mapezi. Alikuwa na bukta tu. Macho yake yalikuwa wazi ndani ya yale maji, na mabegani alikuwa na alama mbili zilizobonyea, pale pale mikanda ya jaketi inapopita. Mdomoni mwake hamkutoka povu hata moja. Akanyoosha kiganja akakipitisha kooni, mara ya kwanza na ya pili. Kila mzamiaji duniani anaijua ishara hiyo. Maana yake: sina hewa.

Mnataka kujua kama niliogopa? Niliogopa mpaka nikasahau kwamba naogopa. Lakini mafunzo ni mafunzo. Mtu akikuonyesha ishara ile huna muda wa kumuuliza yeye ni nani. Nikachomoa kipumulio cha njano nikampa. Akakiuma kwa meno kama mwenye njaa, akaanza kuvuta. Nikasikia hewa yangu ikigawanyika. Hakika naisikia mpaka sasa: nikivuta mimi anavuta yeye, nikitoa mimi anatoa yeye, na sasa mapovu yalimtoka.

Tukashikana mikanda ya jaketi, uso kwa uso, kama mwalimu alivyotufundisha. Mkono wake haukuwa wa barafu kama mnavyopenda kusimulia. Ulikuwa na joto lile lile la maji. Tukaanza kupanda polepole. Alinikazia macho njia nzima, na nilipotaka kusimama kidogo nirekebishe jaketi, alinivuta juu. Hakunivuta kwa ukali. Alinivuta kama mtu anayejua jambo.

Karibu na juu hewa ikawa nzito. Nikavuta, ikaja kidogo. Nikavuta tena, ni kama kunyonya chupa iliyozibwa. Tulipotoboa juu, niliutoa mdomo kwenye kipumulio nikahema jua na upepo pamoja. Kisha nikageuka.

Hakukuwa na mtu. Kipumulio cha njano kilikuwa kinaelea pembeni yangu.

Magesa alikuwa amesimama kwenye boti ameshika kasia, midomo imemkauka.

"Dada, mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Mapovu yalikuwa ya watu wawili," akasema. "Mwanzo yalikuwa yako. Halafu yakawa mafungu mawili, yanapanda pamoja. Sasa yule mwingine yuko wapi?"

Akanivuta ndani. Nikabonyeza kipumulio kutoa hewa: hakuna kitu, mtungi mtupu. Nikaitazama geji. Nusu! Mshale umekwama pale pale nusu. Magesa akaigonga kwa kidole, ukaanguka ghafla mpaka sifuri. Na mpira wa kuuma wa kile kipumulio cha njano, niliokagua kwa macho yangu asubuhi ile, ulikuwa na matundu ya meno.

Sasa wapo walioniambia eti niliishiwa hewa, ubongo ukanichezea. Sawa. Na Magesa je? Yeye naye aliishiwa hewa, amekaa juani kwenye boti na chupa yake ya chai? Mpira nao ulijiuma wenyewe? Mtu akikuambia alichokiona, mheshimu kwanza.

Hatukupitia nyumbani. Mchana ule ule tulifika Mabatini, nywele zangu bado mbichi. Nikaibwaga seti mezani pa yule mzee, nikamwambia geji yake imetaka kuniua, na kuna mtu chini huko.

Mnadhani alishtuka? Alinitazama kwa uchovu, akasema:

"Kumbe na wewe amekuomba hewa?"

Na wewe! Alikuwa anajua. Waliotangulia kununua walikuwa wameirudisha kimya kimya kwa kuona aibu kusema, naye akaipangusa, akaitundika tena ukutani, akanisubiri mimi.

"Na ulijua geji inakwama?"

"Mimi siyo fundi, dada. Mimi nauza tu. Kama huitaki iache, nitakurudishia nusu. Atapatikana mwingine."

Hapo nilipiga kelele mpaka wenye maduka ya jirani wakatoka nje. Nikamwambia yule mwingine atakayepatikana ana mama yake. Nikamwambia asinipe nusu wala robo, na seti haibaki dukani kwake. Mbele ya watu wote nikamtaka aseme mwenye vifaa alikuwa nani. Alisema kwa kuwaonea haya majirani. Huruma hakuwa nayo. Mwenye vifaa alikuwa kijana wa Kisesa, mzamiaji, aliyeajiriwa na mwenye boti mmoja kutafuta injini iliyozama. Aliishiwa hewa chini. Walipomwopoa, mwenye boti alimvua kila kitu pale pale ufukweni, na kabla msiba haujaisha vifaa vilikuwa vimeshauzwa Mabatini. Mtu kanyonyolewa kama kuku! Na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mzamiaji mzoefu aliishiwa hewa bila kujua.

Siku iliyofuata tulikwenda Kisesa. Tulimkuta mama yake anaanika mahindi uani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akatupa viti. Nilijikanyaga kanyaga sana kabla ya kusema. Unaanzaje kumwambia mzazi jambo kama lile? Hakunikatiza. Nilipofika kwenye bukta, aliinua mkono.

"Ndivyo walivyomleta," akasema. "Bukta tu. Niliuliza vitu vyake, wakaniambia maji yamevichukua. Vile vifaa mwanangu alijinyima mpaka akavinunua. Maji yangechukuaje jaketi lililofungwa kifuani?"

Magesa alikuwa anaangalia mahindi. Kisha yule mama akaniuliza swali moja tu, na ndilo ninaloamka nalo.

"Alipata hewa?"

"Alipata, mama. Tulipanda wote."

Alilia, lakini alilia kama mtu anayetua mzigo. Seti hakuitaka nyumbani kwake. Aliniomba jambo moja, isirudi sokoni. Basi pale pale uani Magesa alichukua jiwe akaivunja geji, nami nikakata mipira yote kwa kisu, vipande vipande.

Leo nazamia kwa vifaa vipya ambavyo bado navilipia kwa jasho. Usingizi wangu si ule wa zamani. Nikilala chali nasikia pumzi mbili chumbani, na mimi naishi peke yangu. Kule chini ya vizimba nimerudi mara nyingi, na hakuna aliyenigusa tena. Kama alikuja kuomba au alikuja kunitoa kabla sijafa, sijui, na sitajifanya najua. Mwenye boti bado ana boti zake. Yule mzee bado anauza, na juzi nilipopita nje ya duka lake niliona jaketi lingine la kuelea limetundikwa ukutani.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua seti yako ya kwanza, pima miwani, pima mapezi, yote hayo ni mazuri. Lakini muulize muuzaji nani alivivaa vifaa hivyo na kwa nini havivai tena. Akianza kukutajia bei, toka. Na kama umeshanunua, na chini huko mtu akakuonyesha kwamba hana hewa, mpe. Panda naye taratibu mpaka juu. Halafu, kabla hata hujakauka, nenda kamtafute aliyekuuzia.